Vidole vya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa karakanani kwangu Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, napiga randa ubao wa mninga, na kwa namna alivyonisalimu nikajua ana jambo. Mtu huyu akiwa hana shida hufungua simu kwa utani. Huniuliza kama vitanda ninavyotengeneza bado vinalia watu wakijigeuza. Siku hiyo alisema, "Shikamoo kaka," taratibu. Nikazima redio.

"Nimepata kazi," akasema.

Ni mpishi. Kwa zaidi ya miaka kumi amepikia wageni katika hoteli ndogo ya ufukweni kule Ushongo, Pangani. Masika ikiingia wageni hukatika, hoteli hufungwa, na wapishi hurudishwa makwao mpaka waitwe tena. Mwaka mwingine huitwa mapema, mwaka mwingine hukaa wakitazama simu. Sasa mgeni mmoja aliyeupenda mkono wake alikuwa amemwombea nafasi katika hoteli kubwa Uarabuni, mkataba wa miaka miwili, na wenye hoteli wamekubali. Walitaka pasipoti, karatasi za daktari, na cheti cha tabia njema kutoka polisi, vyote viwe vimefika kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Mwaka huu anatimiza arobaini, na wakala aliyeshughulikia safari alimwambia wazi kwamba juu ya hapo hawachukui mtu. Nafasi ilikuwa ndiyo hiyo moja.

"Pasipoti ninayo," akasema. "Daktari si tatizo. Hicho cha polisi ndicho nakuuliza wewe."

Nilijua anauliza nini. Nilikaa juu ya rundo la mbao.

Kwetu ni kijiji cha pwani, upande wa Mkinga. Nilipooa, zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita, nilikuwa najenga nyumba ya vyumba viwili, na nyumba za kwetu hujengwa kwa boriti za mikoko. Kukata mikoko bila kibali ni kosa. Tangu hapo lilikuwa kosa, kila mtu alijua ni kosa, na kila nyumba kijijini ilisimama kwa boriti za mikoko. Nilikata zangu, nikazilaza nyuma ya nyumba ya mama, nikaenda kuoa.

Bwana harusi wa kwetu huingia fungate nyumbani kwa wakwe. Siku saba hatoki. Analetewa chakula, anapakwa liwa ya kunukia mwilini, analala, anaamka, anapakwa tena. Ni mara moja maishani mwanamume anapohudumiwa kama mtoto mchanga, na mimi niliipenda sana, sitaficha. Lakini kutoka nje kabla siku saba hazijatimia ni jambo kubwa. Wazee wataita nuksi. Majirani watasema jambo baya zaidi: kwamba bwana harusi amekimbia, basi bibi harusi amekutwa na kasoro. Neno hilo likishatoka halirudi, na mwanamke hulibeba mpaka anazeeka.

Siku ya tatu ya fungate yangu, askari wawili na watu wa misitu walifika kwa mama wakiwa na jina langu. Mtu mmoja aliyekamatwa na boriti zake alikuwa ametutaja wengine ili asiwe peke yake. Mdogo wangu alikuwa uani akiparuza samaki. Wakamuuliza mwenye jina hili yuko wapi. Akapiga hesabu ya haraka: akisema yuko kwa wakwe, watakwenda kumtoa bwana harusi fungate mbele ya umati, na shemeji yake ataharibikiwa kabla hata hajaizoea pete. Basi akanawa mikono, akasema, "Ni mimi." Wakati huo kitambulisho cha taifa hatukuwa nacho, na mtu alikuwa ni yule aliyesema ndiye. Alidhani watamkaripia, wachukue boriti zao, na Alasiri awe amerudi.

Hakurudi Alasiri. Alipakwa wino vidoleni kwa jina langu, akafunguliwa mashtaka kwa jina langu, akasimama kizimbani na kukiri kosa kwa jina langu, na akapewa adhabu ya kufanya kazi za jamii miezi sita, kufagia na kufyeka uwanja wa zahanati. Akafagia kweli. Wauguzi walimpenda. Tangu hapo katika ukoo wetu hakuna harusi inayopita bila mtu kusimulia habari hii, na watu hucheka mpaka wanafuta machozi: huyu ndiye aliyembebea kaka yake fungate! Wajomba humtunza fedha. Mimi huinamisha kichwa na kutabasamu, kama inavyompasa mtu aliyependwa kiasi hicho.

Hivyo ndivyo habari inavyosimuliwa.

Kilichobaki nilikibeba mimi, au nilidhani ni mimi. Nilijiona mtu mwenye jina chafu katika makabati ya serikali. Chuo kimoja cha ufundi mjini Tanga kiliwahi kunitaka nikafundishe useremala. Wakataka na cheti cha tabia njema, nami nikawaambia sina subira na vijana. Mke wangu alishangaa, kwa kuwa vijana ndio wanaojaa karakanani kwangu kutwa nzima. Mara ya pili ilikuwa kazi ya zabuni ya madawati. Nikasema mgongo unauma. Nimekuwa mtu wa kuumwa mgongo kila ikitajwa polisi.

Kwa hiyo kwenye simu nilikuwa na jibu tayari. Nilimwambia, "Mdogo wangu, kesi iko kwa jina langu. Wewe jina lako jeupe pe. Watatafuta jina lako, hawatakuta kitu."

"Ndivyo nilivyofikiri na mimi," akasema, na sauti yake ikapata uhai. "Nilitaka tu nisikie kutoka kwako."

Hapa nitaeleza ujinga wetu, maana tulikuwa wawili na hata mmoja hakuushtukia. Sisi tulidhani polisi huweka kumbukumbu kama mwalimu anavyoweka daftari la mahudhurio: anapitisha kidole kwenye orodha ya majina, asipoliona lako anageuza ukurasa. Wino tuliuona kama adabu ya pale kituoni, kama vile mtu anavyotia sahihi kwenye kitabu cha wageni.

Alikuja Tanga na barua ya serikali ya kijiji iliyopigwa muhuri, picha nne za pasipoti na kitambulisho chake. Maombi siku hizi hujazwa mtandaoni. Tulikwenda kwenye steshenari iliyo karibu na karakana yangu, dada mmoja mwenye kucha za rangi akawa anasoma maswali kwa sauti na kuandika majibu. Jina. Jina la baba. Alikozaliwa. Sababu ya kuomba cheti. Alipofika kwenye swali kama mwombaji amewahi kushtakiwa au kupatikana na hatia ya kosa lolote, mdogo wangu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Weka hapana," nikamwambia yule dada.

"Si nimuulize mwenyewe?" dada akasema.

"Hapana," mdogo wangu akasema, na hapana ikaandikwa.

Tukaenda kituo kikuu na karatasi zetu. Chumba cha alama za vidole kilikuwa mwisho wa ukumbi, na aliyekuwamo ni afande mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alipitia karatasi moja moja, akaikunjua barua ya kijiji akaisoma yote, jambo ambalo sijaona mtu akilifanya. Kisha akamwaga tone la wino kwenye kipande cha kioo, akausambaza kwa rola mpaka ukawa mwembamba, akaushika mkono wa mdogo wangu.

"Legeza," akasema. "Usinisaidie. Kila mtu anataka kunisaidia, ndiyo maana zinaharibika."

Akavibiringisha vidole kimoja kimoja, kutoka ukucha mpaka ukucha, kisha vinne kwa pamoja, kisha dole gumba. Kidole cha shahada kina kovu la kisu na viwili vina alama za mafuta ya moto. Akauliza kazi yake. Alipoambiwa mpishi akasema mumewe ni mtu wa Pangani na hajui kupika hata chai. Tukacheka wote watatu. Alimpa kitambaa na sabuni ya unga, akatuambia fomu itakwenda makao makuu na majibu yatachukua wiki moja au mbili. Nje ya kituo mdogo wangu alinunua mihogo ya kukaanga, tukaila kwa chachandu tukiwa tumesimama, na akaanza kunipangia zawadi atakazoniletea.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wiki ya kwanza ikaisha. Ya pili ilipofika katikati akanipigia akiwa Ushongo, jikoni, nasikia masufuria nyuma yake.

"Kaka, vidole vimesema."

"Vimesema nini?"

"Afande kanipigia. Vidole vyangu vimekutwa na kesi ya misitu. Jina lililoko si langu. Ananiuliza nilikuwa natumia jina gani zamani, na kwa nini nimeandika sijawahi kushtakiwa. Nifike kesho kutwa."

Ningependa kuandika kwamba fikra yangu ya kwanza ilikuwa juu yake. Haikuwa hivyo. Fikra yangu ya kwanza ilikuwa kwamba basi mimi ni msafi; kwamba miaka yote ile nilikuwa na uwezo wa kwenda kufundisha chuoni na kuchonga madawati; na kwamba nimeumwa mgongo bure. Nilifurahi kwa muda wa pumzi mbili. Kisha nikaona aibu ambayo hata sasa nikiikumbuka masikio yanapata moto.

"Utawaambiaje?" nikamuuliza.

"Nitasema lile lilikuwa jina langu la utotoni. Wewe tulia, kaka. Usije."

Mke wangu alikuwa mlangoni na bakuli la uji wangu. Alikuwa amesikia ya upande wangu, na ya upande wa pili aliyakisia, kwa maana si mwanamke wa kukisia vibaya. Akaweka bakuli juu ya meza ya kazi.

"Kakwambia usiende," akasema.

"Kaniambia nitulie."

"Umeshatulia vya kutosha. Mimi nilikuwa ndani fungate ile. Nilikuwa nakula na kupakwa liwa, na shemeji yangu yuko rumande ili jina langu lisichafuke. Wewe ulijua tangu siku ya nne, somo wangu, yule mama aliyenifunda, alikuja kutwambia, nami nilikuwepo. Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa bibi harusi, hata kuongea nilikuwa naona haya. Sasa mimi si bibi harusi." Akasukuma bakuli kwangu. "Kunywa uji, halafu keshokutwa uende ukaseme."

Nilimwambia naweza kufunguliwa kesi. Akasema anajua. Nikamwambia kuna watoto. Akasema watoto wana masikio, na siku moja watauliza. Uji niliunywa, ingawa sikumbuki kama ulikuwa na sukari.

Keshokutwa yake nilimkuta mdogo wangu kwenye benchi la ukumbini, amevaa shati lake la Ijumaa. Aliponiona aliinuka.

"Nilikwambia usije."

"Nimekuja."

"Kaka, unaniharibia. Nimeshapanga maneno."

"Ndiyo maana nimekuja."

Afande alituita ndani wote wawili. Mbele yake kulikuwa na barua kutoka makao makuu. Alimuuliza mdogo wangu jina lile ni la nani, naye akafungua mdomo kuanza habari za utotoni. Nikamkata. Nilisema, "Ni jina langu, afande. Kitambulisho changu hiki hapa. Boriti nilikata mimi."

Nikaeleza kama inavyoelezwa harusini: nyumba ya vyumba viwili, askari na watu wa misitu, samaki uani, "ni mimi". Niliisimulia vizuri, nadhani, kwa sababu nimeisikia mara nyingi. Afande alisikiliza mpaka mwisho. Pale penye kunawa mikono alitabasamu kidogo.

"Fungate naijua," akasema. "Na mimi nimeolewa huku huku." Kisha akaivuta ile barua, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Amekamatwa siku ya tatu ya fungate yako. Sawa. Siku ya tano katoka kwa dhamana. Hukumu imesomwa wiki tatu baadaye." Akaniangalia juu ya miwani. "Fungate gani hiyo ya wiki tatu?"

Katika harusi zote, kwa miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kuniuliza mimi.

Mdogo wangu akawahi. "Nilimkataza mimi, afande. Nilimwambia akijitokeza tutafungwa wote wawili, mimi kwa kudanganya na yeye kwa boriti. Nilimwapia kwamba akija tusijuane."

Alilisema bila kusitasita, maana alikuwa ameshalisema mara nyingi. Mama alipomuuliza, alilisema. Wajomba walipouliza mzaha mzaha, alilisema. Alikuwa amelisema mpaka mimi mwenyewe siku nyingine nilikuwa nakumbuka akinikataza, naona kabisa mkono wake umeshika bega langu. Na sasa alikuwa analisema tena, mbele ya polisi, huku kazi ya Uarabuni inamponyoka, ili nisiaibike mbele ya mwanamke ambaye hatumjui. Nilimpenda sana wakati ule. Pia nilitaka kumzaba kibao.

"Si kweli," nikasema. "Hakunikataza."

"Kaka."

"Hakunikataza mtu, afande. Fungate ilipokwisha alikuja kunitembelea. Akaniuliza siku ya kesi nitakuja? Nikamwambia nitakuja, nitasimama niseme mimi ndiye. Siku ilipofika nikavaa shati safi, nikatoka nyumbani mapema. Nikafika njia panda ya kwenda mahakamani. Pale kulikuwa na mama anauza chai na vitumbua. Nikanywa chai. Nikaagiza ya pili. Nikakaa mpaka jua likawa kali, nikajua kesi imeshaitwa, nikarudi nyumbani. Niliogopa. Hakuna sababu nyingine. Nilikuwa nimeoa juzi, nikaogopa kufungwa, na yeye alikuwa ameshaingia, nikaona basi amalizie."

Nilitegemea afande anikaripie, na ingekuwa nafuu. Mdogo wangu alikuwa anatazama kioo cha wino juu ya meza.

Afande akachukua karatasi za maelezo akaandika, kurasa tatu kwa mkono, akinirudisha nyuma kila nilipokwenda haraka. Akanisomea yote. Pale penye chai alikuwa ameandika, "nikakaa kibandani nikinywa chai badala ya kufika mahakamani," na kwa kweli hakukuwa na namna nyingine ya kuliandika. Nikatia sahihi. Kisha akamwaga tone jipya la wino na kuushika mkono wangu, ili makao makuu waone kwa macho yao kwamba mwenye jina na mwenye vidole ni watu wawili.

"Legeza," akasema. "Usinisaidie."

Nilimuuliza kama sasa mdogo wangu atafutiwa. Akaweka rola chini. Alitueleza polepole, na nadhani lilimuuma kutueleza. Yeye hana mamlaka ya kufuta. Kumbukumbu haiandiki nani aliyekata boriti. Inaandika nani aliyesimama kizimbani akakiri na kutumikia adhabu. Kitakachobadilika ni jina. Litaondolewa langu, litawekwa lake. Mimi kwa kuficha ukweli naweza kuitwa siku moja kujibu, naweza nisiitwe. Kwa umri wa jambo lenyewe hakutaka kunitisha wala kunipa ahadi. Lile swali la fomu litajazwa upya, kwa ukweli. Cheti kitatoka, lakini kitakuwa na mstari wa kosa la misitu.

"Kwa hiyo nimekuja kumvua kosa langu, nikamfunga na vifungo vyake," nikasema.

"Umekuja kusema kweli," afande akajibu. "Jina likiwa la mtu mwingine, waajiri wataona mtu anayejibadilisha majina, na huyo hawamchukui kamwe. Mtu aliyefagia zahanati kwa sababu ya miti ni habari nyingine. Apeleke cheti pamoja na nakala ya maelezo haya. Asifiche kitu." Akamgeukia mdogo wangu. "Na wewe uache kubeba watu."

Nje kuna bomba. Tulinawa mikono mmoja baada ya mwingine, mimi nikisugua wino, yeye akinawa tu kwa kuwa nanawa.

"Ungeliacha lile neno langu," akasema bila kunitazama. "Lilikuwa limekaa vizuri."

"Lilikuwa limekaa vizuri kwangu."

"Na kwangu. Watu wakiniuliza, nilikuwa mtu aliyempa kaka yake kitu. Sasa nimekuwa mtu aliyeachwa." Akafunga bomba. "Nitapika vipi leo na maneno haya kichwani?"

Akaondoka kwenda kutafuta gari la Pangani. Nilitaka kumfuata, nikaona anavyotembea, nikaacha.

Hatukuongea kwa siku kumi na moja. Mke wangu alikuwa akiongea naye. Nilijua kwa sababu alikuwa akiniambia habari za Ushongo bila kueleza amezipata wapi. Cheti kilitoka. Kilikuwa na mstari wake mmoja, kama afande alivyosema, jina lake kamili na kosa langu. Kuhusu vidole vyangu makao makuu walijibu kwamba hakuna kumbukumbu yoyote. Kwa mujibu wa serikali mimi ni mtu wa tabia njema, na mpaka leo hawajaniita.

Alituma kila kitu kwa wakala, cheti na maelezo yangu yaliyotafsiriwa, chai na vitumbua vyote vikiwamo. Wenye hoteli wakauliza boriti za mikoko ni nini. Akawapigia picha paa la jiko la Ushongo kwa ndani. Kimya kikakaa siku sita. Zilipobaki nne kufika mwisho wa mwezi, likaja jibu kwamba asafiri.

Alikuja Pongwe siku moja kabla ya kwenda Dar es Salaam kupanda ndege. Mke wangu alipika wali wa nazi na kisamvu, naye akala akilalamika chumvi, kama kawaida yake anapokula chakula cha mtu mwingine. Alimtania shemeji yake, akawatania watoto. Mimi alinisalimu kwa heshima zote, na heshima hiyo ilinitesa. Baada ya kula nikaenda karakanani nikajifanya natafuta misumari. Akanifuata. Akakaa juu ya kitanda kisichokuwa na chaga bado, kwenye ubao wa pembeni, akakitikisa kidogo kusikiliza kama kinalia.

"Siku ile nilikungoja," akasema.

Niliweka kopo la misumari chini.

"Kila mlango ukifunguliwa nageuka. Akiingia karani, nageuka. Akiingia mtu na kesi yake ya mbuzi, nageuka. Mpaka hakimu akaniambia nitazame mbele. Aliponiuliza kama nakiri, nikageuka mara ya mwisho, ndipo nikasema nakiri."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nayo kwa zaidi ya miaka kumi na tano, yenye sababu ndani yake, yenye ndoa changa na nyumba isiyoezekwa. Yote yalikuwa ya kunitetea mimi, na sikuyataka tena.

"Nisamehe, mdogo wangu," nikasema. Nikarudia. "Nisamehe."

Akausogeza mguu wake ili nipate pa kukaa kwenye ule ubao.

"Nshakusamehe kale, kaka," akasema. "Nilikuwa nangoja uombe."